Jeki ya Barafu: Ziwa Linavyong'oa Gati, na Namna ya Kulizuia

Dada yangu hugandisha maji Buruburu. Kila jioni hujaza chupa za plastiki za lita 2, huzipanga ndani ya friza, na alfajiri vijana wanaouza soda kwenye foleni za magari Jogoo Road huja kuzichukua wakapozee ndoo zao. Sharti lake ni moja: chupa isijazwe hadi shingoni, iachwe nafasi ya vidole vinne. Mwezi uliopita msaidizi mgeni alizijaza pomoni. Nilikuwapo asubuhi friza ilipofunguliwa. Vile vitako vya chupa ambavyo kwa kawaida hubonyea ndani vilikuwa vimetokeza nje kama kitovu cha mtoto mchanga, hata chupa hazikuweza kusimama mezani. Moja ilikuwa imepasuka kutoka begani hadi chini. Chupa ya kioo ya achari iliyosahauliwa pembeni ilikuwa vipande.

Wiki hiyo hiyo mwana wa dada, anayefanya kazi kwenye bandari ndogo ya mashua kando ya ziwa huko Minnesota, Marekani, alinitumia picha ya gati la mbao. Nguzo mbili kati ya kumi na mbili zilikuwa zimeinuka kuliko wenzake. Sakafu imepinda kama mgongo wa ngamia, misumari imechomoka, ubao mmoja umekatika katikati. "Mjomba," akasema kwenye ujumbe wa sauti, "hapa hakuna gari wala mashua iliyogonga. Ni barafu tu. Lakini kwa nini hizi mbili peke yake?"

Chupa ya Buruburu na gati la Minnesota ni kesi moja. Nataka kuieleza hapa kwa sababu familia nyingi za Nairobi zina kijana Minnesota au Kanada, na wengi wao wakifika hupewa kazi za nje wakati wa baridi kwa maagizo matupu: weka pampu hapa, usivunje pale, toa ile kabla ziwa halijaganda. Agizo lisilo na sababu husahaulika siku ile ile linapohitajika.

Tuanze na maji. Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji nayo hufanya hivyo, ila hadi nyuzi 4 za Selsiasi tu. Hapo ndipo yanapokuwa mazito kuliko wakati mwingine wowote. Yakipoa zaidi ya hapo, yakishuka kutoka 4 kwenda 0, huanza kutanuka, na yakiganda hutanuka kwa kishindo: ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Chupa ya lita 2 inadai nafasi ya ziada ya mililita 180 hivi. Ndivyo vidole vinne vya dada.

Sasa lifikirie ziwa zima. Joto linapopungua mwishoni mwa mwaka, maji ya juu hupoa, huwa mazito, huzama, na yale ya chini yenye joto kidogo hupanda kuchukua nafasi yao. Mzunguko huo huendelea hadi ziwa lote, juu na chini, liwe nyuzi 4. Baada ya hapo mambo hugeuka. Maji yanayozidi kupoa sasa ni mepesi, hayazami tena. Hubaki juu, hupoa hadi 0, huganda. Mita moja ya ujazo ya barafu ina kilo 917, ilhali ya maji ina karibu kilo 1,000, kwa hiyo barafu huelea na kuwa kifuniko. Juu ya kifuniko hicho hewa inaweza kuwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na huku chini kabisa, juu ya tope, maji yakawa bado yana nyuzi 4. Shika jambo hilo, maana dawa yote imo humo.

Gati linavyoumia

Barafu ikiganda kando ya nguzo huikumbatia. Huingia katika kila ufa wa mbao, huzunguka kila kichwa cha skrubu, hushika kila baka la kutu. Kisha ziwa linapanda kidogo, labda mvua imenyesha juu ya theluji, labda lango la bwawa limefungwa upande wa chini. Barafu inaelea, kwa hiyo inataka kupanda pamoja na maji, na nguzo inaizuia. Tupige hesabu. Maji yakipanda sentimita 10 na barafu isipasuke, kila mita moja ya mraba husukumwa juu kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji. Ikiwa barafu inayoning'inia kwenye nguzo moja ina eneo la mita 10 za mraba, hiyo ni tani nzima inayoivuta nguzo kutoka ardhini, usiku na mchana.

Nguzo ikipanda hata sentimita 2, chini yake hubaki tundu, na tope na changarawe huporomokea humo. Maji yakishuka, nguzo hairudi mahali pake kwa sababu mahali pake pamejaa. Ukitaka kuliona jambo hili bila kupanda ndege, nenda Kirinyaga Road umtazame fundi anayeinua gari kwa jeki fupi. Anapandisha kidogo, anatia jiwe chini ya ekseli, anashusha jeki, anaipandisha juu ya kipande cha mbao, anainua tena. Gari halishuki kwa sababu jiwe limeshika zamu. Wenyeji wa maziwa hayo nao huuita mchezo huu jeki ya barafu. Kwa msimu mmoja huenda usione kitu. Baada ya misimu michache gati limesimama kama meno ya mzee.

Kuna msukumo mwingine, wa pembeni. Barafu ikishaganda hufuata desturi ya vitu vingine: ikipoa zaidi husinyaa, ikipata joto hutanuka. Usiku wa baridi kali husinyaa na kupasuka. Mpwa wangu anasema ziwa hulia kama ngoma kubwa inayopigwa kijiji cha mbali. Maji hupanda kwenye nyufa hizo na kuganda. Sasa kifuniko kimejaa, hakina nafasi ya ziada. Jua likitoka na barafu ikapanda nyuzi 10, bamba la kilomita 1 hurefuka kwa karibu nusu mita. Nusu mita hiyo lazima iende mahali, nayo huenda ufukweni, ikisukuma mawe, kuta na chochote kilichosimama njiani. Kando ya maziwa ya kaskazini kuna matuta ya mawe yaliyojengwa hivyo, bila mkono wa mtu.

La tatu ni la masika yao, mwezi wa Aprili, barafu inapovunjika mabamba na upepo kuyasukuma. Aliyewahi kukaa Kisumu hahitaji maelezo. Ameona gugu-maji likikokotwa na upepo kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine, mashua zikafungiwa ndani na wavuvi wakashinda ufukweni. Badilisha jani laini uweke bamba gumu lenye ukingo mkali, utaelewa kwa nini gati lililopona miezi minne ya baridi linaweza kuvunjwa alasiri moja ya joto.

Dawa ni maji yale yale

Mtu akisikia haya wazo la kwanza huwa ni kuiyeyusha barafu kwa moto au umeme. Anayenunua tokeni za stima Nairobi asikie gharama yake: kuyeyusha kilo 1 ya barafu, bila hata kuyapasha moto maji yanayotoka humo, kunahitaji nishati sawa na ile ya kupasha kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Ziwa litakufilisi.

Ninavyoona mimi, gati bora kwa baridi ni lile linaloondoka. Wenye nyumba wengi Minnesota wana magati mepesi ya alumini yenye magurudumu, au yanayoelea kwa vipande. Kabla ziwa halijaganda wanayavuta hadi nchi kavu. Kisichokuwepo hakishikwi. Ila si kila gati linaondoka. Lile la nguzo zilizopigiliwa ardhini, linalobeba vibanda na mashua kubwa, litabaki, na hilo ndilo linalohitaji viputo.

Mtambo wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kompresa hukaa nchi kavu kwenye kibanda. Mpira mzito wenye vitundu vidogo hulazwa chini ya ziwa, ukipita karibu na kila nguzo. Hewa hutoka kwenye vitundu, hupanda kwa viputo, na kila kiputo huvuta maji pamoja nacho. Maji hayo ya chini yana nyuzi 4, au karibu na 4. Yakifika juu hugusa barafu, huila polepole, kisha hutawanyika. Hewa yenyewe haina kazi ya kupasha chochote. Ni mpagazi tu, anabeba joto lililokuwa limelala chini. Kuna aina nyingine yenye mota iliyozibwa isiingie maji na rafadha ndogo. Huning'inizwa kwa kamba chini ya gati na kusukuma maji ya chini kuelekea juu. Hiyo hufaa kwa mashua moja, viputo hufaa kwa safu ndefu ya nguzo.

Ukishaelewa kwamba unatumia akiba ya joto, makosa ya kawaida yanajionyesha yenyewe. Pale penye kina kifupi, tuseme mita moja, akiba ni ndogo, na mtambo utafanya kazi kwa shida. Ukiwasha mchana kutwa na usiku kucha hata siku isiyo na baridi kali, unachanganya ziwa na kupoza maji ya chini, na usiku mbaya ukifika huna cha kupandisha. Ndiyo maana mtambo hufungwa kidhibiti cha joto, na saa ya kuuwasha na kuuzima. Tena lengo si kufungua bwawa la kuogelea. Pete ndogo ya maji wazi kuzunguka nguzo inatosha, kwa sababu kinachotakiwa ni barafu isishike.

Hapa nataka kusisitiza, kwa kuwa watu hufa. Barafu inayozunguka pete hiyo ni nyembamba, na theluji huifunika ikaonekana sawa na nyingine. Huko watu hutembea juu ya ziwa, huvua samaki kwa kutoboa tundu, huendesha pikipiki za theluji usiku. Mwongozo unaotolewa Minnesota ni kwamba barafu mpya iliyo angavu iwe na unene wa angalau sentimita 10 ndipo mtu aikanyage kwa miguu. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ni dhaifu zaidi. Jimbo hilo pia linamtaka anayeendesha mtambo wa viputo kwenye maji ya umma awe na kibali na aweke alama za kuonya. Kijana wa Nairobi aliyekuta kazi hiyo asikubali kuwasha kompresa kabla alama hazijasimama. Na waya wa stima ulio karibu na maji uwe na swichi ya kinga inayokata umeme mara tu unapovuja.

Mahali ambapo viputo haviwezekani hubaki umbo. Barafu ni ngumu sana kuiponda, lakini ukiikunja huvunjika kwa urahisi, kama kigae. Daraja la Confederation nchini Kanada, lililofunguliwa mwaka 1997 na lenye urefu wa kilomita 12.9, lina koni kwenye nguzo zake pale maji yanapofikia. Bamba likija hupanda kwenye mteremko wa koni, hujikunja kwa uzito wake, na kukatika. Fridtjof Nansen, mpelelezi wa Norwei, alilijua hilo zamani. Meli yake Fram ilijengwa na Colin Archer ikiwa na ubavu wa mviringo ili barafu ikiibana iibinye juu, kama mbegu ya chungwa inavyochoropoka kati ya vidole. Iliachwa igande ndani ya bahari ya Aktiki mwaka 1893, ikatoka salama mwaka 1896. Endurance, meli ya mpelelezi Ernest Shackleton, ilikuwa imara pia, lakini haikuwa na umbo hilo. Barafu ya Antaktika iliibana ikaivunja, ikazama Novemba 1915. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2022, kiasi cha mita 3,000 chini. Kwenye gati la kawaida wazo hili huja kwa njia ya kinyenyekevu: nguzo huvishwa mkono wa plastiki laini, barafu ikipanda iteleze isipate pa kushika.

Mashua na vidimbwi

Mashua nayo hutolewa majini, lakini kuitoa ni nusu ya kazi. Adui aliyebaki ni yale maji yaliyojificha ndani: kwenye bloku ya injini, pampu, bomba la choo, tangi la maji ya kunywa. Kikombe kimoja kilichosahauliwa ndani ya bloku kitafanya kile kilichofanyika kwenye friza ya Buruburu, ila safari hii kinachopasuka ni chuma, na ufa hautaonekana hadi injini iwashwe miezi mitano baadaye. Kwa hiyo maji humwagwa, kisha antifrizi, kimiminika kisichoganda kwa urahisi, huzungushwa ndani. Kwenye mabomba ya maji ya kunywa hutumika ile ya propilini glaikoli. Ya ethilini glaikoli ni sumu, na kwa kuwa ina utamu mbwa huilamba.

Injini ya nyuma, kama zile za wavuvi wetu wa Kisumu na Lamu, huwekwa wima ili maji yajishukie yenyewe. Fundi hufungua skrubu ya chini ya gia na kutazama oili inayotoka. Ikiwa ya dhahabu, sawa. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, sili (mpira unaozuia maji) imekufa, na lazima ibadilishwe sasa hivi. Mpwa wangu alinitumia video ya oili ya namna hiyo ikidondoka kwenye kopo, nzito, ya rangi ile ile tunayokunywa asubuhi na mandazi. Kizibo cha chini ya mashua nacho huachwa wazi, na turubai hutundikwa kwa mteremko, kwa sababu theluji ikiyeyuka ndani na kuganda tena utakuwa umejenga ziwa lako mwenyewe.

Kidimbwi cha samaki kina shida tofauti. Gati huumizwa na nguvu, samaki huumizwa na pumzi. Tazama Bwawa la Nairobi, ambako zamani watu waliendesha mashua za tanga: baadaye gugu-maji lililifunika, mwanga haukuingia, mimea iliyooza chini ikala oksijeni, maji yakafa. Barafu iliyofunikwa na theluji hufanya kazi hiyo hiyo. Mwanga hukatika, mimea ya majini huacha kutengeneza oksijeni, uozo unaendelea kuitumia, na gesi mbaya hazina pa kutokea. Barafu ikiondoka samaki wanaelea matumbo juu.

Kinachotakiwa ni tundu moja lililo wazi daima. Usilipige kwa nyundo. Mshindo husafiri majini na kuwaumiza samaki ambao wakati huo wamelala karibu kabisa na tope. Weka sufuria ya maji moto juu ya barafu, iache iyeyushe tundu lake yenyewe, kisha lilinde kwa kifaa kidogo cha joto kinachoelea au kwa viputo. Na viputo hivyo visiwekwe kwenye kina kirefu zaidi. Hapo ndipo samaki walipokimbilia kutafuta zile nyuzi 4, na ukiyavuruga maji hayo umewanyang'anya blanketi. Jiwe la hewa, lile linalotoa viputo, likae pembeni, palipo na kina kifupi. Ni kinyume cha gati, na ndiyo maana anayefuata maagizo bila kujua sababu huua samaki kwa bidii yake.

Msomaji wa Mombasa atauliza kuhusu bahari. Maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri, na hayana ile tabia ya nyuzi 4. Huzidi kuwa mazito hadi yanapoganda. Kwa hiyo akiba ya joto huenda isiwepo chini, na mtambo uliofanya maajabu ziwani unaweza kukuangusha bandarini. Hapo umbo na kuondoa kwa wakati ndivyo vya kutegemea.

Nirudi kwenye zile nguzo mbili. Mpwa wangu hakutaka kuzipigilia upya kabla hajajua sababu, nami nilimuunga mkono. Barafu ilipoondoka waliuvuta mpira wa hewa uliokuwa umelazwa chini ya gati lao hadi ufukweni, wakaunganisha kompresa, wakautazama ukiwa umelala kwenye ndoo ndefu za maji. Viputo vilitoka kote isipokuwa mita tatu za mwisho. Vitundu vyake vilikuwa vimezibwa na tope laini na utelezi wa kijani. Mita hizo tatu ndizo zilizokuwa zimepita chini ya zile nguzo mbili. Wamevisafisha vitundu kwa sindano, wameuinua mpira kidogo kutoka kwenye tope kwa kuufunga juu ya matofali, na zile nguzo zimerudishwa chini kwa nyundo nzito na kunyooshwa kwa timazi, zikiwa zimevishwa mikono ya plastiki nyeusi. Juzi alinitumia picha nyingine, akiwa amepiga magoti juu ya ubao mpya, pima maji mkononi, kiputo chake kimetulia katikati.